Mashini ya Okazioni ya Kuvunja Mawe: Angalia Kabini Mbele ya Kuangalia Bei



Mwaka huu watu wanakuja kwangu dispanseri na mambo ambayo si ya dawa. Mzee mmoja alikuja kupimwa mapafu mbele ya kwenda pansioni. Alipomaliza kuvaa shati, akatoa simu mfukoni, akanionyesha picha ya mashini ya kuchimba, ya tani 20, rangi ya manjano inang'aa kama yai. Akasema, «Dokta, angalia mtoto wangu mpya.» Yeye na wenzake wawili wanataka kuweka pamoja dekonti finali zao, wanunue mashini hiyo ya okazioni, waifunge nyundo ya kuvunja mawe, waikodishe kwa watu wanaochimba misingi ya nyumba na wanaouza mawe ya kujengea.

Nilimwuliza mambo matatu. Mlango wa kabini unafunga vizuri? Hewa ya baridi ingali inatoka? Kiti kikoje? Mzee akacheka sana. «Dokta, mimi nanunua mashini, sinunui saluni!»

Jibu hilo lilinikaa kichwani, na ndiyo sababu naandika ukurasa huu. Kwa maana nawajua wale wanaoshuka katika mashini za namna hiyo kisha miaka kumi na tano. Wanakuja kwangu na kikohozi, na mgongo, na masikio yasiyosikia tena sauti ya wajukuu. Mimi si fundi wa motere. Mambo ya motere utakayosoma hapa nimefundishwa na mafundi wa garaji, nikiwafunga vidonda vyao. Lakini mambo ya mwili wa mtu ni kazi yangu, nayo yamefungana na mashini kuliko unavyofikiri.

JUA KWANZA JIWE LAKO

Watu wengi wanaanza na mashini. Anza na udongo. Hapa Katanga, juu kuna udongo mwekundu, na ndoo ya mashini inauchota kama mkono unavyomega bukari. Chini yake mambo yanageuka. Wewe uliyefanya kazi Kolwezi, Likasi ao Fungurume unalijua lile jiwe ambalo wajiolojia wanaliita R.S.C.: jiwe gumu, limejaa matundu kama sega la nyuki, limejaa silisi. Karibu nalo kuna mawe mengine ya silisi yenye kukaa kwa majani-majani, tena kuna dolomi.

Tofauti hiyo si ya wajiolojia peke yao. Dolomi safi ikivunjwa inatoa vumbi lenye silisi kidogo. R.S.C. ikivunjwa inatoa vumbi ambalo silisi ndiyo sehemu yake kubwa. Jiwe la mchanga na jiwe jeupe la kwarsi ni vilevile. Kwa hiyo jiwe ndilo linalochagua mashini, na tena jiwe ndilo linalochagua ugonjwa. Uliza mtu anayejua mawe, mpelekee kipande mkononi, mbele ya kutoa feza yako.

Jambo la pili: si kila jiwe linahitaji nyundo. Jiwe lililopasuka tayari, lenye kukaa kwa matabaka, unaweza kulingoa kwa ndoo nzito ya mawe yenye meno mazima, ao kwa jino moja la kupasulia linalofungwa pahali pa ndoo. Kelele inapungua, vumbi linapungua, mkono wa mashini unapumzika. Nyundo iwe kwa jiwe zima lisilo na ufa. Nimewaona watu wanaopigia nyundo jiwe ambalo ndoo ingelibeba, kwa sababu tu nyundo iko pale.

Kama nyundo inahitajiwa kweli, ilingane na mashini. Mashini ya tani 20 hadi 22, kama Komatsu PC200 ao Caterpillar 320, inabeba nyundo ya tani moja na nusu hivi. Nyundo ndogo juu ya mashini kubwa, shofere anailalia kwa nguvu mpaka inavunjika. Nyundo kubwa juu ya mashini ndogo, mkono unapata nyufa, mashini inayumba ikigeuka upande, na mtikiso wote unarudi katika kiti. Mwenye kiti hana pahali pa kukimbilia.

VUMBI LISILOONEKANA

Vumbi unaloliona likipanda juu na kukaa juu ya kasike yako si baya zaidi. Pua inalizuia, makohozi yanalitoa. Baya ni lile usiloliona. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Vumbi la silisi linaloua ni dogo kuliko mikroni 5, na hilo linashuka mpaka katika vifuko vidogo vya mwisho vya mapafu, pale ambapo hewa inaingia katika damu.

Kule chini mwili una askari wake. Wanakuja, wanameza kile kichembe, lakini silisi inawaua. Askari akifa anakitapika kichembe tena, askari mwingine anakuja, naye anakufa. Katika vita hiyo pafu linafanya makovu. Kovu halivuti hewa. Mwaka unapita, na mwingine, makovu yanaungana, na siku moja mtu anapanda mlima mdogo wa kwenda sokoni, anasimama katikati akishika kiuno. Huo ni ugonjwa wa silikozi. Kwa kawaida unaonekana kisha miaka kumi ao ishirini ya vumbi, lakini pahali pa vumbi kali unaweza kuja kisha miaka michache tu.

Dawa ya kuuponya haiko. Ninasema wazi, kwa sababu watu wananiomba dawa ya kikohozi wakifikiri ni jambo la chupa mbili. Tena pafu lenye silisi linafungua mlango kwa kifua kikuu. Na tangu mwaka 1997 wataalamu wa ulimwengu wa ugonjwa wa kansa wameweka vumbi la silisi katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa ya mapafu bila shaka. Mwaka 2012 wakaweka katika orodha hiyohiyo moshi wa motere za mazuti.

Sasa unaelewa kwa nini nilimwuliza mzee habari ya mlango.

Kabini nzuri inafanya kazi kama hivi. Kipepeo kinavuta hewa ya nje, kinaipitisha katika filtre, kinaisukuma ndani. Ndani hewa inakuwa na nguvu kidogo kuliko nje, basi hewa inatoka katika kila kitundu, na vumbi haliwezi kuingia. Lakini mpira wa mlango ukichakaa, ao kioo kikipasuka, ao filtre ikiondolewa, kabini inakuwa sanduku la kukusanyia vumbi.

Namna ya kupima haihitaji chombo cha bei. Nenda jioni, giza likiingia. Mwenzako aingie ndani na tochi, afunge mlango, aangazie pembezoni mwa mlango na madirisha. Wewe kaa nje. Pahali unapoona mwanga, vumbi linapaona pia. Kisha fungua pahali pa filtre ya kabini. Mimi mwenyewe nilionyeshwa mashini moja ambayo pahali pa filtre palikuwa na kipande cha blanketi. Mwisho pitisha kidole nyuma ya kiti, pale ambapo muuzaji hakukumbuka kuosha. Vumbi la pale litakuambia miaka yote ya mashini kuliko karatasi zake.

Na hewa ya baridi? Ijaribu saa sita ya mchana, si asubuhi. Mwezi wa tisa na wa kumi hapa kwetu, jua linapiga juu ya chuma mpaka huwezi kuweka mkono. Shofere asiye na hewa ya baridi atavumilia mpaka saa nne, kisha atafungua mlango. Mimi nami ningeufungua. Mlango ukiisha kufunguliwa, filtre na mipira yote ni kazi bure. Ndiyo maana nasema hewa ya baridi si saluni. Mashini isiyo nayo, weka bei ya kuitengeneza juu ya bei ya muuzaji, ndipo ulinganishe na ile nyingine ya jirani.

Angalia tena ukuta kati ya kabini na motere. Ukiona masizi meusi, moshi unapita. Kaa ndani nusu saa motere ikizunguka na mlango umefungwa. Kichwa kikianza kuuma, shuka, usinunue mpaka tundu limepatikana.

MASIKIO, MGONGO NA KICHWA

Kelele tunaipima kwa desibeli. Mtu anaweza kufanya kazi saa 8 katika desibeli 85. Kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda unakatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, desibeli 94 ni saa 1, desibeli 100 ni robo saa tu. Nyundo ikipiga jiwe, mtu anayesimama karibu nje anaweza kupata zaidi ya 100. Basi yule kijana anayesimama pale siku nzima kuonyesha shofere kwa mkono, anamaliza kipimo chake cha siku mbele ya chai ya asubuhi. Yeye anahitaji vizibo vya masikio kuliko mtu wa ndani. Katika kabini nzuri iliyofungwa, shofere anaweza kuzungumza bila kupaza sauti. Fanya jaribio hilo: nyundo ipige, na wewe ndani useme maneno ya kawaida. Kama mwenzako haelewi, masikio yake yataumia.

Mtikiso tunausahau kwa sababu hautoi damu. Kiti cha mashini kina springi na kipimo cha uzito. Kaa juu yake, zungusha kipimo mpaka kwenye uzito wako, ujirushe kidogo. Kiti kishuke na kupanda pole. Kikigonga chini kama ubao, kimekufa. Kiti kipya ni feza, ndiyo, lakini ukilinganisha na bei ya pompe ya hidroliki ni kidogo, na hakuna pompe ya mgongo inayouzwa Lubumbashi. Angalia tena ngazi na vishikio vya kupandia. Mashini za okazioni nyingi zimepoteza kidato cha chini, na shofere anaruka. Kila mwaka ninafunga vifundo vya miguu vya watu walioruka kutoka mita moja na nusu na kukanyaga jiwe.

Juu ya kichwa: mashini ya kuvunjia mawe iwe na chuma cha kulinda paa, na wavu ao vyuma mbele ya kioo. Kipande cha jiwe kinachoruka kutoka kwenye nyundo kinapita kioo bila kubisha hodi. Kuna kanuni ya mataifa kwa ulinzi huo wa paa na wa mbele, inaitwa ISO 10262, na mashini iliyofanywa kwa kuifuata ina kibati kinachosema hivyo. Chunguza nguzo za kabini. Ukiona nguzo imekatwa na kuungwa kwa kulehemu, mashini hiyo iliwahi kupinduka. Nguzo iliyolehemiwa garaji haina tena nguvu iliyopimwa kiwandani, hata kama rangi yake ni nzuri.

MAFUTA YANAYOINGIA KATIKA NGOZI

Hapa naomba usome pole pole, na kama kuna mtu nyumbani asiyejua kusoma, umsomee.

Kijana mmoja, si wa kampuni yetu, alikuja kwangu jioni na alama ndogo juu ya kidole cha shahada. Tone moja la damu, kama mtu aliyechomwa na mwiba. Hakuumwa. Alitaka plasta tu arudi nyumbani. Nami nilikuwa karibu kumpa plasta. Mafuta juu ya mkono wa shati lake ndiyo yaliyonifanya niulize tena. Akasema alikuwa anatafuta pahali tuyo ya mashini inapovuja, motere ikizunguka, akapitisha mkono juu yake kupangusa. Tukampeleka hospitali saa ileile. Munganga alimpasua tangu kidole mpaka katikati ya kiganja, na ndani mafuta yalikuwa yamekwisha kutembea. Kidole kilibaki, lakini hakikunjiki tena. Angelala na plasta yangu, asubuhi tungezungumza habari ya kukata.

Sababu ni hii. Mpira wa gari una nguvu ya bari 2 ao zaidi kidogo. Mafuta ya hidroliki katika mashini ya kuchimba ya tani 20 yanafika karibu bari 340. Katika tuyo yenye kitundu kidogo kama ncha ya sindano, mafuta yanatoka kama risasi nyembamba, yanapita glavu, yanapita ngozi, yanajisambaza kati ya nyama na mishipa. Kwa saa chache hakuna maumivu. Kisha mkono unavimba, unakuwa wa baridi, nyama inaanza kufa.

Likikutokea wewe ao mwenzako: usikamue, usiweke maji ya moto, usimpe chakula kwa sababu atapasuliwa, wala usingoje mpaka aumwe. Nenda kwa munganga mpasuaji mara moja. Mbele ya saa 6 kupita nafasi ya kuokoa mkono ni kubwa zaidi. Mwambie neno hili wazi: «mafuta ya hidroliki yameingia kwa nguvu.» Beba jina la mafuta kutoka kwenye bidoni. Usiogope kumsumbua munganga kwa kidonda kidogo.

Basi siku ya kununua, tuyo zote uzipite kwa macho, motere imezimwa, ndoo imelala chini, nguvu ya mafuta imetolewa. Tafuta mpira uliopasuka, waya unaoonekana, pahali pa kusuguana na chuma. Tuyo nyingi zina tarehe ya kufanywa iliyoandikwa juu yake. Motere ikizunguka, mkono usiende. Tumia kipande cha kartoni juu ya fimbo ndefu: kikilowa, umepata.

Mashini ya nyundo inahitaji njia yake ya mafuta: tuyo ya kwenda, na tuyo ya kurudi moja kwa moja katika tangi bila kupita pahali pembamba. Uliza kama njia hiyo ilitoka kiwandani ao iliunganishwa na mtu. Njia mbaya inapasha mafuta moto, na mafuta ya moto yanakula mipira yote. Vumbi la nyundo linaingia katika mafuta vilevile, kwa hiyo mashini ya nyundo inabadilishiwa filtre na mafuta mara nyingi kuliko ya ndoo. Muuzaji asiyejua mara ya mwisho ilikuwa lini, hakufanya.

Na neno moja kwa mafundi: nyundo nyingi zina chumba cha gesi. Gesi hiyo ni azoti peke yake. Mtu anayetia oksijeni ya chupa ya kulehemu kwa sababu azoti imekosekana, anatengeneza bomu. Oksijeni na mafuta chini ya nguvu vinalipuka.

RANGI MPYA NI PODA

Mashini nyingi za okazioni zinapita Durban ao Dar es Salaam, zinaingia Kasumbalesa juu ya kamiyo, na kabla ya kuuzwa zinapakwa rangi. Rangi haina kosa, lakini inafunika. Tafuta nyufa chini ya mkono mkubwa, katika mguu wake unapoungana na mwili, na karibu na pini. Ukiona bamba limelehemiwa juu ya bamba, mkono huo ulifanya kazi ya nyundo nzito. Kama unatafuta mashini ya kuchimba udongo tu, labda utasamehe. Kama ni ya kuvunja mawe, acha.

Fika asubuhi bila kutangaza sana, na uweke mkono juu ya motere mbele haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameipasha ili isikuonyeshe namna inavyoamka. Moshi wa buluu ni mafuta ya motere yanayoungua. Moshi mweusi usiokwisha ni mazuti nyingi ao hewa kidogo. Moshi mweupe unaoendelea motere ikiisha kupata moto, fikiria maji yanaingia. Fungua kifuniko cha mafuta ya motere: ikipumua kwa nguvu, pistoni zimechoka.

Kontere ya saa usiiamini peke yake, inabadilishwa kwa dakika kumi. Linganisha na pedali. Kontere inayosema saa 4000 na pedali zilizolika mpaka chuma, moja kati yao inadanganya, na si pedali.

Jaza ndoo udongo, inyanyue juu, zima motere, ngoja dakika tano. Mkono ukishuka wenyewe, vereni ao valvu zinavuja ndani. Hili mafundi wanalihesabu kama jambo la feza, lakini mimi nalihesabu kama jambo la mtu aliye chini. Kisha weka mashini juu ya uwanja sawa, ndoo chini, usukume kidogo mpaka mbele inyanyuke, ushushe, huku mwenzako akiangalia pete kubwa ya kugeukia kati ya mwili na minyororo. Ikicheza kama jino la mtoto, usiendelee. Kuhusu minyororo, meno yake na magurudumu yake, mpe fundi akupimie. Matengenezo yake yanameza feza nyingi, na juu ya mawe yanalika upesi kuliko juu ya udongo.

Kama mashini ina kifaa cha kubadilishia haraka ndoo na nyundo, pini ya usalama iwepo, iwe ya kiwandani, si kipande cha nondo. Ndoo imewahi kuanguka na kuua watu waliokuwa wamesimama chini, katika nchi nyingi, kwa pini hiyo tu.

MASHINI IKIFIKA KAZINI

Nyundo isipige pahali pamoja zaidi ya nusu dakika. Kama jiwe halijapasuka, sogea karibu na ukingo. Isipigwe hewani, wala isitumiwe kama mtarimbo wa kungolea. Pahali palipopigwa baruti zamani, nyundo isiingie mpaka mtu mwenye ujuzi wa baruti amepitia mashimo, kwa maana baruti iliyolala haizeeki vizuri.

Maji ni rafiki wa mapafu. Tuyo ndogo ya maji inayonyunyiza penye ncha ya nyundo inaangusha vumbi mbele halijapanda. Katika kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka mvua, usiniambie maji ni mbali. Kama maji ni mbali, kazi pia iwe mbali.

Sasa nazungumza na mama. Nawajua mama wanaokuja na watoto kuokota na kugonga mawe madogo nyuma ya mashini. Najua pia kwa nini wanakuja. Lakini nyuma ya mashini ndiyo pahali pabaya zaidi, kwa sababu uzito wa nyuma unageuka bila kelele ya kuonya, na shofere haoni upande wa kuume wala nyuma. Mtu anabanwa kati ya chuma na ukuta wa mawe kwa nukta moja. Mwenye mashini azungushe kamba, aweke mtu wa kulinda, na mawe ya mama yatolewe nje ya kamba yawe rundo lao. Hilo linawezekana, nimeliona likifanywa.

Salopeti yenye vumbi la jiwe usiikung'ute nyumbani, wala usiipige juu ya ukuta wa lupango huku mtoto akicheza chini. Ilowanishe katika maji kwanza, ndipo uifue, na usiichanganye na nguo za mtoto.

Jambo la sheria kwa ufupi. Kodi ya Mine ya mwaka 2002, iliyobadilishwa mwaka 2018, inasema mchimbaji wa mkono anatumia vyombo visivyo vya kiwanda, na shimo lake lisipite mita 30. Mashini ya tani 20 si chombo cha mkono. Hata kwa mawe ya kujengea, pita kwanza kwenye ofisi ya Mine ya jimbo, uulize ni ruhusa gani unayohitaji. Na ukimwajiri shofere, wewe umekuwa patroni: jina lake liende CNSS. Siku akiugua kifua, wewe utakuwa ndani ya kiti cha patroni, si mimi.

Yule mzee wa picha alinipigia simu wiki iliyopita kutoka Kasumbalesa. Alifika saa kumi na mbili ya asubuhi, akaweka mkono juu ya motere, ikawa ya moto tayari. Muuzaji alikasirika alipoomba kurudi kesho yake. Mzee akapanda basi, akarudi nyumbani na feza yake. Sasa ameona nyingine Likasi, rangi yake mbaya, lakini mlango unafunga na hewa ya baridi inatoka. Tatizo ni kiti. Aliniuliza kama ninajua fundi anayeuza viti.